Jina la Aliye Hai

Tulipoachana wiki jana, Mama Wilkista Nasambu alikuwa amevaa miwani na kufungua kitabu cha kliniki cha mjukuu wake wa siku tisa. Alitaka tu kujua tarehe ya chanjo. Badala yake akasoma jina la mtoto, akainua macho, akamwuliza mke wa mwanawe: "Mimi nilikufa lini?"

Msomaji mmoja wa Webuye amenipigia simu kulalamika kwamba nilikata hadithi mahali pabaya. Nimemsikia. Lakini nikwambie mapema, bibiye, leo sina habari njema ya kukupa. Kama una chai mezani, inywe kwanza.

Mwihaki alikuwa kitandani ananyonyesha. Alidhani mama mkwe anatania.

"Hujakufa, Mama. Nimekuheshimu. Msichana wa kwanza anaitwa mama ya bwana. Kwetu hiyo ndiyo heshima kubwa."

"Kwenu wapi?"

"Si unajua, Mama. Kwetu Wakikuyu."

"Na hii mtoto ni ya nani?"

"Ni ya Sitati."

"Sitati ni Mkikuyu?"

Mwihaki akatoa titi kinywani mwa mtoto bila kujua. Mtoto akalia. Ndipo alipoelewa kwamba hapakuwa na utani.

Kwa aliyejiunga nasi leo, ngoja nikuweke sawa upesi. Mwihaki ni binti wa mzee Gichuki, mkulima wa mahindi hapa Kitale. Kwao mtoto hupewa jina la babu au nyanya, awe hai au marehemu. Mvulana wa kwanza, jina la baba ya mume. Wa pili, la baba ya mke. Msichana wa kwanza, la mama ya mume. Mpango huo haupindwi. Mama Wilkista naye ni Mbukusu wa Kabuchai, na nyumbani kwake jina la ukoo ni la waliotangulia. Humpi mtoto jina la mtu ambaye bado anakula ugali nawe, labda uwe umechoka naye.

Utauliza mbona hawakugongana mapema. Kifungua mimba, ambaye sasa ana miaka mitano, aliitwa Murumba kama baba yake Sitati, na mzee huyo alikuwa ameshazikwa, basi pande zote mbili zikafurahi. Wa pili, wa miaka mitatu, akaitwa Gichuki. Siku ile Mama Wilkista aliuliza, "Huyo mzee wenu alikufa mwaka gani?" Mwihaki akacheka, akamwambia mzee yuko shambani anapalilia. Mama mkwe hakucheka. Mtu mwerevu angeuliza kwa nini. Mwihaki hakuuliza. Ninampenda sana, lakini hilo simsamehei.

Turudi ndani.

"Mama, naibadilisha sasa hivi," Mwihaki alisema. "Si ni jina tu?"

Akakinyakua kitabu cha kliniki, akaokota kalamu ya Murumba sakafuni, akalikata jina Nasambu kwa mstari mmoja mnene. Akamwonyesha.

"Umeona? Haipo tena."

Mama Wilkista alilitazama jina lake lililokatwa.

"Kwanza umeniandika nimekufa," alisema. "Sasa umenifuta."

Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alivua leso aliyofunga kiunoni, akaikunja, akaiweka kitandani. Akaepua uji wa watoto jikoni, akaufunika. Akakusanya nguo zake mbili na Biblia, akaziweka kwenye mfuko.

"Mama, usiende," Mwihaki alisema. "Mimi nimeshonwa. Siwezi kuinua hata mtungi wa maji."

"Mtu amekufa anainua mtungi?"

"Kukhu, unaenda wapi?" Murumba aliuliza. Gichuki mdogo alishika sketi ya nyanya yake kwa mikono miwili. Mama Wilkista alimfungua vidole kimoja baada ya kingine, polepole, bila kumwumiza, akatoka.

Hebu elewa maana ya kuondoka huko. Mwihaki alijifungua kwa upasuaji. Mumewe, Sitati, ni fundi wa mabati, na yuko Kapsokwony anaezeka shule. Tangu siku ya nne ni Mama Wilkista aliyemwogesha mtoto, aliyeteka maji, aliyepika, aliyewatoa wavulana matope masikioni. Alimwita mtoto "mgeni" na hakuuliza jina. Kwao jina husubiriwa, haliulizwi. Mwihaki naye, kila alipobaki peke yake na mtoto, alimnong'oneza, "Nasambu wangu, nyamaza." Alikuwa akiitunza siri hiyo ili amfurahishe mama mkwe siku ya arobaini.

Alimpigia mumewe simu.

"Sitati, Mama ameenda. Amekasirika juu ya jina ya mtoto."

"Jina gani?"

"Nasambu."

Upepo wa mlimani ulivuma kwenye simu.

"Umeita mtoto mama yangu? Mama yangu akiwa hai?"

"Si nilikuuliza, Sitati? Siku natoka hospitali, nesi akitaka jina. Nikakuambia ni Nasambu, ukasema poa, andika."

"Mimi sikusikia jina. Network ilikuwa mbaya."

"Ulisema poa."

"Nilisema poa juu sikuwa nasikia!"

Hapo ndipo ninapotamani kuingia kwenye simu nimshike mtu shati. Alisikia au hakusikia? Mimi ninayesimulia sijui. Ninachojua ni kwamba Mwihaki alikuwa amekiri sehemu yake, naye hakukiri.

"Sikiza," Sitati alisema. "Mama ako na presha. Kitu ikimfikia, usinitafute. Hao watoto ni wa ukoo wa Murumba, nitakuja kuchukua wote. Hata huyo mdogo akimaliza kunyonya."

Akakata.

Jioni hiyo Mwihaki alipokuwa akitafuta kijiko, alikuta dawa za presha za Mama Wilkista kwenye kikombe mezani. Pakiti mbili, moja haijafunguliwa. Amezisahau kwa hasira, alijiambia. Hata akafurahi kidogo, maskini. Alidhani amepata sababu ya kupiga simu.

Alipiga siku mbili. Siku ya tatu simu ikapokewa, lakini na Phanice, dada yake Sitati aliyeolewa Matulo.

"Mulamwa, nimekuja huku Kabuchai kumwangalia," Phanice alimwambia wifi yake. "Hali si nzuri."

"Alisahau dawa huku. Nitatuma na mtu leo leo."

"Hakusahau."

"Ziko hapa kwa kikombe, Phanice. Mbili."

"Nakuambia hakusahau. Nimemnunulia zingine hapa Chwele, amekataa. Anasema dawa ni za watu wako hai. Tangu Jumanne hajameza. Leo wamempima, presha iko mia mbili na kitu. Kichwa kinamuuma mpaka hataki mwangaza."

Mwihaki akakaa chini. Mshono ulimchoma, hakuujali.

"Nifanye nini? Nambie tu."

"Leta mtoto. Senge, shangazi yetu, amekuja, ataita majina ya watu wetu wamekufa. Mtoto akilia, anaitiwa jina moja moja. Ile atanyamazia ndiyo yake. Mama akiona mtoto amepata jina ingine, anaweza rudi akameza dawa. Mimi sioni njia ingine."

"Na asiponyamaza?"

Phanice akateremsha sauti.

"Hapo ndiyo nataka unisikize vizuri. Wewe utakuwa umembeba. Ukisikia Senge ameita Namalwa, hiyo ni jina ya nyanya yetu, mpe titi. Chini ya shuka, haraka. Atanyamaza. Nani ataona?"

Ulidhani Phanice ni adui? Hata mimi niliwahi kudhani hivyo. Alikuwa mtu pekee katika ukoo mzima aliyempa Mwihaki mlango wa kutokea, japo ulikuwa mlango wa wizi.

Asubuhi ya Ijumaa Mwihaki aliwapeleka wavulana kwa jirani yake, Zulekha, nyumba ya pili kutoka msikitini.

"Na hicho kidonda utapanda gari?" Zulekha aliuliza. "Wewe huna akili."

"Mama akifa, Zulekha, watanichukulia watoto."

"Jina tu? Kwetu mtoto akiitwa nyanyake, nyanya anachinja kuku."

"Hata kwetu."

Zulekha alimfunga tumbo kwa leso mbili, akamkaza mpaka akashindwa kuinama, akawaingiza wavulana ndani. Gichuki alilia mlangoni. Mwihaki hakugeuka, kwa sababu angegeuka asingekwenda.

Safari sitakusimulia. Kila mtu wa huku anaijua barabara ya Kimilili, na kila mama aliyeshonwa anaweza kukisia boda boda ya kutoka Chwele kuingia Kabuchai ilimfanya nini. Alifika saa nane mchana na damu kidogo kwenye leso. Hakumwonyesha mtu.

Mama Wilkista alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa sebuleni, mapazia yamefungwa. Uso ulikuwa umevimba. Siku tatu tu, na tayari alikuwa mzee kuliko mwanamke aliyefungua kitabu cha kliniki.

"Shikamoo, Mama."

Mwihaki akapiga magoti kando ya kitanda, akatoa zile pakiti mbili.

"Nimekuletea dawa yako. Nilikosa, Mama. Sikujua. Naapa sikujua. Meza moja tu, unipige baadaye."

"Mtoto amepata jina?" Mama Wilkista aliuliza, akitazama dari.

"Bado."

"Basi weka hiyo kitu chini."

Lakini Phanice alidakia, "Mama, akipata ingine leo utameza?"

Mama mkwe aliyaondoa macho darini, akamtazama mtoto.

"Akipata, nitameza," alisema.

Msomaji, shika hapo. Ahadi ilitolewa, mbele ya watu watatu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kulikuwa na kitu cha kushika.

Senge, shangazi yake Sitati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya, alivuta kiti katikati ya sebule. Wakangoja mtoto alie.

Mtoto akalala.

Alikuwa amelala tangu Kimilili, na sasa alilala zaidi. Robo saa ikapita. Nusu saa. Phanice akamtekenya unyayo, mtoto akavuta mguu, akaendelea. Senge akasema walio chini ya udongo hawaharakishwi. Saa nzima ilipita hivyo, na matiti ya Mwihaki yakaanza kuvuja hadi blauzi ikalowa.

Hatimaye njaa ikamwamsha. Akageuza kichwa, akatafuta titi, akafungua kinywa. Na mama yake, aliyekuwa na maziwa ya kumwagika, akamnyima. Alimweka mbali na kifua chake, akamtazama akitafuta, akamtazama akikosa, akamtazama uso ukikunjamana. Mwihaki alijichukia kwa jambo hilo kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Mtoto akalia.

"Sasa," Phanice alisema, akamkonyeza.

Mwihaki akavuta shuka begani. Kifungo cha blauzi kilikuwa kimeshafunguliwa. Alikuwa tayari.

"Nipe mtoto," Senge alisema, akanyoosha mikono.

"Nitamshika mimi, Senge. Ni mdogo sana."

"Mama hashiki. Mama akishika, mtoto ananusa maziwa, atanyamazia kila kitu. Ati wewe unafikiri sisi tunacheza?"

Mwihaki akamtazama Phanice, naye akatazama sakafu. Mlango wa wizi ukafungwa hapo hapo.

Alimtoa mtoto. Angefanya nini?

"Nafuna," Senge aliita. "Nafuna, mama wa Matulo, kama ni wewe, tulia."

Mtoto alilia.

"Nelima, uliyekufa na mimba. Kama ni wewe, tulia."

Akalia.

"Namalwa. Nyanya ya Sitati, mwenye nyumba hii. Namalwa."

Mwihaki alifunga macho. Mungu wa mama yangu, anyamaze. Anyamaze hata kwa bahati tu. Kwa nukta moja mtoto akakata sauti, na Phanice akashika mkono wa Mwihaki, lakini alikuwa akivuta pumzi tu. Kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko chochote kilichotangulia.

"Khakasa. Nabangala. Nanyama." Senge alikwenda hadi kwa watu ambao hata Phanice hakuwajua. Aliita wa upande wa baba, akaita wa upande wa mama. Aliita mmoja aliyekufa mtoto. Mtoto alilia hadi akakauka koo, akawa anatoa sauti ya kukwaruza, uso umekuwa mwekundu, mikono imefungwa ngumi.

"Wamekwisha," Senge alisema. Alionekana ameogopa.

"Rudia Namalwa," Phanice alisema.

"Nimerudia."

"Rudia tena, bana."

"Namalwa. Namalwa."

Sasa nisikilize, na usimhukumu kabla hujalea. Mwanamke huyu alikuwa hajalala usiku kumi na mbili. Tumbo lilikuwa linamwaka. Maziwa yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kiuno, na hatua tatu kutoka kwake mtoto wake alikuwa akilia kwa njaa ambayo yeye ndiye aliyeitengeneza. Hakufikiri. Mdomo ulifanya kile ulichofanya kila siku tangu hospitali.

"Nasambu wangu," alisema. "Nyamaza."

Mtoto akanyamaza.

Akageuza kichwa kuelekea ile sauti. Macho yalifunguka, ngumi zikalegea. Akatulia mikononi mwa Senge kabisa, akihema.

Mimi na wewe tunajua kwa nini. Mtoto alisikia sauti ya mama yake, angenyamaza hata mama yake angetaja bei ya unga. Phanice alijua, na alianza kusema hivyo kwa sauti ya juu. Hata Senge nadhani alijua. Lakini Senge alikuwa ameshageuka kumtazama mwanamke aliyelala kitandani, na macho ya mtu yakishakwenda mahali hayawezi kurudishwa.

Mwihaki alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa.

Mama Wilkista akajiinua. Ilimchukua muda. Aliteremsha miguu hadi sakafuni, akaketi wima, akakaza kitambaa chake kichwani kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani.

"Phanice," alisema. "Mpigie Sitati. Aje kesho asubuhi na ndugu zake. Na mtu wa kupima shamba, niwagawie urithi wao."

"Mama, ni sauti tu. Alisikia sauti ya—"

"Nilisikia. Mpigie."

"Shamba ya nini? Meza dawa kwanza, halafu tuongee."

"Niliahidi nitameza akipata jina ingine. Amepata?"

Phanice akaanza kulia, akatoka na simu.

Mwihaki alitambaa kwa magoti hadi miguuni pa mama mkwe. Damu ilikuwa imepita leso ya kwanza na kufika ya pili, na sasa kila mtu aliiona.

"Nitabadilisha, Mama. Nitaenda hospitali, nitaenda kwa chifu, nitaenda kwa kila ofisi. Nitalala mlangoni mwao. Nakuomba."

Mama Wilkista alimtazama. Na alichofanya ndicho kilichomvunja Mwihaki, kwa sababu angestahimili kofi, angestahimili kufukuzwa. Aliweka mkono juu ya kichwa chake. Hasira ilikuwa imekwisha yote.

"Nyonyesha mtoto, mwanangu, ako na njaa," alisema kwa upole. "Na hiyo jina mwachie. Mimi siihitaji tena."